Wetu au Wao

Trekta ya Dezső ndiyo iliyompata kwanza,
mwezi Machi, nusu saa kutoka Danubi,
katika shamba linalongoja alizeti.
Plau iligonga, ikaruka, ikagonga tena.
Alishuka akidhani ni mzizi.

Etelka amekuja na brashi ya mpaka rangi,
vijiko viwili, vijiti vya mianzi,
na goti lisilopatana na baridi.
Mimi nashika daftari.
"Hili jeupe ni la trekta," anasema.
"Mfupa ukivunjika leo, ndani ni chaki.
Uliovunjika zamani umekwisha kunywa udongo,
ufa wake una rangi ya chai."
Dezső anavua kofia.
Anamwomba radhi nani, hajui.

Basi toa jeraha la trekta. Yanabaki manne.

Kigasha cha kushoto, upande wa kidole cha mwisho:
mkato mfupi, wa mshazari.
Ndivyo mtu anavyojikinga akikosa ngao.
Inua kiwiko. Jaribu.
Mkono wenyewe unajua njia.

Kombe la bega: tundu dogo la pembe nne,
kingo zimezama ndani
kama karatasi iliyotobolewa kwa msumari.
Huu si mshale wa kuwindia paa.
Umefuliwa na mtu aliyekaa akalifikiria vazi la chuma
na namna ya kulipita.
Fundi hodari. Huenda alikuwa na watoto,
huenda walimpulizia mivukuto.

Nyuma ya kichwa: upanga.
Ukingo mmoja laini, utadhani umepigwa msasa;
wa pili umemeguka magamba,
pale upanga ulipokwama, ukapindwa, ukachomolewa.
Etelka anapanda juu ya ndoo, rula mkononi.
Bulcsú, mwanafunzi wake, anampa kisogo
na kujifanya anakimbia, huku akicheka.
Mara ya tatu hacheki.
Aliyepiga alikuwa juu ya farasi,
na alikuwa mtu wa mashoto.
Jina, nchi, sala zake, hatuna.
Mashoto tunayo.

Naandika: fuvu limepasuka.
Sarufi imeridhika, mimi sijaridhika.
Ni saa ngapi hasa alipoacha kuwa yeye
akawa hili, huu, hii?
Lugha ina mlango hapo
na sikumwona aliyeufunga.
Limepasuka. Nafuta.
Amepasuka. Nafuta tena,
fomu haina nafasi.

La nne ndilo linalomkalisha Etelka chini, matopeni.
Mtulinga wa kulia, mkato wa siku nyingine,
wa vita vingine, au ulevi:
umekwisha kufunga, kingo zimelainika,
mfupa umejishona kwa fundo nene
kama kamba iliyoungwa gizani.
"Wiki sita," anasema, "kwa uchache."
Anajishika kifundo cha mkono,
pale barafu ya mlangoni ilipomvunja mwaka juzi.

Wiki sita mtu hawezi kujifunga mshipi.
Basi kuna aliyemfunga.
Kuna aliyeipuliza supu yake ikapoa,
aliyemgeuza usiku asilalie upande ule,
aliyekanda, akalaani vita na wenye vita,
akahesabu siku, akamwona anainua mkono,
akafurahi.

Na mkono ulipoinuka vizuri
walikuja kumchukua.

Jioni Dezső anarudi na pombe kali ya plamu
na vikombe vinne visivyofanana.
Anasimama ukingoni, hataki kutazama, anatazama.
Mstari mmoja wa alizeti hataupanda, anasema,
kisha: miwili.
Halafu anauliza lililomleta:
"Wetu au wao?"

Etelka anageuza taya kwenye mwanga unaokwisha.
"Alikuwa na gego bovu," anasema,
"chini, kushoto. Limetoboka mpaka mzizini.
Lilimuuma kipupwe kizima."

Dezső, bila kujijua,
anajigusa shavu.